Kava la plagi ya tela: linazuia maji kuingia, na yakishaingia halitoi

Msinunue kava la plagi pale nilikonunua mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu huko mbele nitalisifu kava hilo hilo, na sitaki mtu adhani nimemsamehe aliyeniuzia.

Ni lile kava la mpira mweusi linalovishwa juu ya plagi ya taa za tela, pale waya wa kujikunja unaotoka kwenye kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, unapochomekwa. Kwa nyuma linabana waya, kwa mbele linameza soketi yote, na unapewa na kikopo cha grisi ya kupaka kwenye vijiti. Shilingi 35,000, Gerezani, Dar, masika yakiwa yanabisha hodi. Muuzaji alilishika mbele yangu, akalikunja, akalivuta, akasema: "Bosi, hili ukilivalisha umemalizana na mafundi umeme. Tone haliingii."

Nilikuwa na sababu ya kulitaka. Tela langu linapakia mbolea Kurasini kwenda nyanda za juu, na anayebeba mbolea anajua habari yake. Lile vumbi linanyonya unyevu wa hewani mpaka linalowa lenyewe, na mbolea zenye amonia zinaitafuna shaba. Hapo hujaweka upepo wa chumvi wa bahari unaolipiga gari wakati umepaki ukisubiri zamu. Vijiti vya plagi vinaota ukungu wa kijani, ukungu unazuia umeme, kijiti kinapata moto, plastiki inalainika, plagi inaanza kucheza ndani ya soketi, na kadiri inavyocheza ndivyo moto unavyozidi. Nimeshaona plagi iliyoungua mpaka namba za vijiti hazisomeki. Kwa hiyo mtu akiniambia ana kitu cha kuzuia hayo, namsikiliza.

Kwa muda likaonekana linafanya kazi. Kava lile halioneshi kilichomo ndani, basi unaamini.

Dalili ya kwanza tuliipata Mikumi mjini. Utingo wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, alikuwa ameshuka kugonga tairi. Nikakanyaga breki, akaniita: "Mjomba, ukikanyaga breki indiketa ya kulia nayo inawaka, hafifu." Aliyekaa na matela anajua maana yake. Waya wa hasi haushiki vizuri, na umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi unajitafutia njia kupitia balbu nyingine. Tukachomoa plagi, tukaichomeka tena, ikatulia. Tukaenda.

Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, ukatumaliza. Giza limeshaingia, mzigo kamili, tunapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Gari la nyuma likaanza kunipigia taa bila kuacha. Kijana akachungulia kwenye kioo: "Mjomba, tela lote giza." Fyuzi ya taa za nyuma imekatika. Nikasogea mpaka sehemu iliyopanuka kidogo, tukaweka fyuzi nyingine, na ile nawasha taa tu ikakatika hapo hapo. Hiyo si balbu tena, hiyo ni shoti. Kijana akakata majani, akayapanga barabarani mbali nyuma yetu pamoja na zile pembetatu nyekundu, akarudi mbio akiwa ameshika tochi.

Nikalivua kava. Maji yakamwagika mkononi mwangu, maji hasa, wala si unyevu. Na mvua haikuwa imenyesha siku ile, barabara ilikuwa kavu tangu Morogoro. Kuta za ndani za ule mpira zilijaa matone kama mfuniko wa sufuria ya wali. Kijana akamulika plagi yenyewe. Kati ya kijiti cha hasi na kijiti cha taa za nyuma palikuwa na daraja: unga wa kijani umeshikana na weupe wa mbolea, na chini yake plastiki imegeuka mkaa. Mkaa unapitisha umeme. Ile grisi ya kwenye kikopo ilikuwa tope jeusi lenye mchanga, na ulikuwa ukiigusa unasikia chembe zinakwaruza vidoleni.

Kijana akalala kwenye lami, chini ya waya, akakwangua ule mkaa kwa kisu na kupangusa kwa fulana yake. Plagi tukaiacha uchi, bila kava. Fyuzi ikakaa. Tukapanda mpaka Ilula na taa zote, bila kile kitu nilichonunua ili kizilinde taa.

Mnaelewa kwa nini nina hasira? Faini ya trafiki ningeilipa na maisha yangeendelea. Lakini tela lisilo na taa kwenye kona za Kitonga usiku linaua mtu.

Makambako nilimpata fundi umeme, dada mmoja, ambaye hakuanza kwa kutaja bei. Aliligeuza kava nje ndani, akaniambia: "Baba, hili limekufungia maji. Mchana kunapata joto, hewa ya ndani inatanuka inatoka. Usiku baridi ya huku inavuta hewa ya unyevu inaingia pale waya unapopita, inageuka maji. Sasa hayo maji yatokee wapi?" Akanionesha soketi mpya aliyokuwa nayo kwenye boksi: ina katundu chini, mahali pa kutolea maji. Wanaotengeneza soketi wanalijua hilo. Aliyetengeneza kava amelisahau, na anayeliuza hataki kulisikia.

Kazi yake nilisimama kuiangalia yote. Alikata ule waya kipande cha karibu kiganja kizima, kwa sababu shaba ilikuwa nyeusi mpaka ndani ya ganda. Maji yakishaingia kwenye mwisho wa waya yanapanda katikati ya nyuzi, na waya mweusi hata ukiukaza vipi haushiki. Alipofika kwenye shaba inayong'aa, kila mwisho akauvalisha kikofia kidogo cha chuma na kukibana kabla ya kuuingiza kwenye skrubu za plagi mpya, maana uzi mmoja tu ukitoroka na kugusa jirani yake umepata shoti nyingine. Grisi ya kikopo aliinusa, akasema hii ni ya kwenye springi. Yeye alipaka ya silikoni, nyembamba sana. Hiyo haipitishi umeme, ila kijiti kinapoingia kinaisukuma pembeni, chuma kinagusa chuma, nayo inabaki kuzunguka pale kuzuia maji. Grisi ya kawaida inakusanya vumbi, na mafuta yake yanaulegeza mpira. Mdomo wa kava langu ulikuwa umeshavimba.

Mwisho akapasha msumari akatoboa kava tundu moja, upande wa chini kabisa. Waya akaufunga upya ili ushuke chini ya usawa wa plagi kabla ya kupanda, mvua ikitiririka juu yake idondokee pale chini isifuate mpaka mdomoni. Basi.

Sasa nije dukani, maana ndiko hasa kulikonifanya niandike.

Niliporudi Dar sikwenda kudai fedha. Nilikwenda na plagi iliyoungua na kikopo, nimwambie yule bwana kwamba mengine aliyobaki nayo yanahitaji tundu, na kwamba grisi ile aiondoe. Nilidhani atashukuru. Kijana wangu aliingia mbele yangu, akamwamkia: "Shikamoo." Kimya. Akarudia, akidhani hakusikia. Yule bwana akamwangalia miguuni, halafu akaniangalia mimi: "Mwambie huyo akae nje, asinichafulie kaunta."

Kijana hakuwa amegusa kaunta. Plagi alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Shikamoo ya mtoto wa watu unaiachaje hewani? Inakugharimu nini kuitikia? Nimejaribu kulisahau hilo na limekataa. Mkaa wa kwenye plagi nimeshausamehe, shikamoo ile sijaisamehe. Huyo unayemwona mchafu ndiye aliyelala kwenye lami ya Kitonga akikwangua uozo uliomuuzia mjomba wake.

Nikajizuia, nikamweleza. Akaniuliza: "Wewe ni dereva au injinia?" Nikamwambia mimi ni dereva na gari ni langu. Akasema: "Risiti iko wapi?" Tunaambiwa kila siku, ukinunua dai risiti, na mimi niliidai. Siku ile alinijibu kwamba mashine haina mtandao nipitie kesho, na akijua kabisa kwamba kesho mtu wa tela yuko njiani. Nikamkumbusha. "Basi huna ushahidi kwamba ni la hapa." Makava yale yale yalikuwa yananing'inia nyuma ya kichwa chake. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nimesema sikutaka kurudisha. Nilitaka anisikilize tu.

Niliondoka nikiwa nimeshaamua kuandika kwamba kava hili ni takataka, msiliguse. Nikiwa mkweli kwenu, siwezi kuandika hivyo. Tangu lilipotobolewa Makambako limekula mvua za Mbeya na vumbi la mbolea, na kila tunapolifungua ndani ni pakavu, vijiti vinang'aa, hasi imeshika. Plagi ya zamani niliyokuwa naacha wazi ilikuwa inataka msasa kila mara. Hili halijataka. Mpira wenyewe ni mzuri, haujapasuka juani. Kwa hiyo kava nalipa sifa yake, mradi ulitoboe upande wa chini na ile grisi yake uitupe siku hiyo hiyo. Usiipeleke hata kwenye springi, hujui imechanganywa na nini.

Ingawa nikifikiria zaidi, sina hakika kwamba ndilo la kununua kwanza. Plagi nyingi ninazoziona zimekufa haziharibiki zikiwa zimechomekwa. Zinaharibika tela likiachwa yadi, kichwa kimeondoka, na plagi inaning'inia kwenye waya ikigonga chesisi na kunywa mvua. Taa zikiwashwa, kijiti kikagusa chuma, fyuzi imekwenda. Dawa yake ni soketi tupu isiyo na waya wowote, inafungwa kwa bolti nyuma ya kebini, ukikata tela unaichomeka plagi humo inatulia. Ni ya bei ndogo kuliko kava. Nilipomuuliza yule bwana kama anayo, kabla mambo hayajaharibika, alisema hakuna mtu anayenunua vitu hivyo. Yangu niliipata kwa yule dada wa Makambako, akanifungia bila kunidai ufundi.

Tatizo ni kwamba alikuwa na moja tu, na mwenzangu ninayepaki naye anahitaji ya kwake, pamoja na mfuniko wa soketi wenye springi inayokaza na mpira ambao haujakauka. Anayejua duka la Dar linalouza hivi vitu, vyenye tundu la kutolea maji, na linalotoa risiti ya mashine siku hiyo hiyo, aniambie lilipo. Nitakwenda na kijana wangu.