Rula ya ECG: hiki kishale kinanitesa

Haya, watu wangu wa wodini, karibuni. Leo mezani kuna rula ya ECG, ya kusomea kasi ya mapigo kwenye karatasi ya mchoro wa umeme wa moyo, hii ya plastiki inayopitisha mwanga, inayochungulia kwenye mifuko ya makoti meupe. Habari za karatasi kwenda milimita 25 kwa sekunde na kimraba kidogo kuwa sekunde 0.04 mnazijua, sizirudii. Ugomvi wangu uko hapa, kwenye kishale.

Kamera isogee. Mnayaona maandishi haya? "2 RR". Madogo kama masharti ya mkopo! Maana yake unaweka kishale kwenye ncha ya wimbi la R, ule mchongoko mrefu wa kila pigo, unaruka mapigo mawili, unasoma namba ulipotua. Twende. Kishale hapa. Hii R ni sifuri. Sifuri jamani, si moja! Inayofuata, moja. Inayofuata, mbili. Nasoma… mapigo 75 kwa dakika. Sawa kabisa, maana R hadi R kuna vimraba 20, yaani sekunde 0.8.

Sasa mtazameni mwenye haraka. Anaanza kusema "moja" palepale kwenye kishale. Mbili yake inatua hapa: 150! Mgonjwa kajilalia zake, kwenye faili moyo unakimbia. Na kama umezoea zile rula za mapigo matatu, ukaruka matatu kwenye hii, unapata 50. Karatasi ileile! Wino mwekundu tu hapo kwenye kishale, ungewagharimu nini?

Mtaniambia mashine yenyewe inaandika mapigo pale juu. Inaandika, ila wimbi la T, kile kilima kinachofuata baada ya R, likiwa refu inaweza kulihesabu kama pigo, ikakupa mara mbili. Na saa je? Apple Watch inapima ECG tangu 2018, sekunde 30 kwa mara moja, lakini kwa bei ile… Video ya saa nimeisogeza wiki ijayo, msiniandame kwenye maoni.

Mpinzani hasa ni huyu: divaida ya kwenye mkebe wa hesabu wa sekondari. Ncha moja R hii, nyingine R ile, halafu unaitembeza. Tip. Tip. Ti… imekosa! Umeona? Mapigo hayalingani. Rula ingekupa namba tu, basi. Yakiwa ovyo namna hii, kama kwenye mpapatiko wa atria, vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka bila mpangilio, rula weka pembeni, hesabu R zilizomo ndani ya miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, zidisha kwa 10.

Ununue? Nunua bwana, rahisi, na moyo ukienda sawasawa inaokoa muda. Hapa nalalamika lakini yangu siitupi. Ila kabla hujalipa ilaze juu ya karatasi ya ECG: milimita 25 zikae kwenye miraba mikubwa mitano barabara. Hii nyingine niliyoagiza, tazameni, inapitiliza. Inarudi dukani leoleo.