Deli hili linatunza barafu, ila magurudumu yake ni aibu tupu

Nianze na kilichonileta, maana nikianza na sifa nitapoa, na leo sitaki kupoa. Magurudumu ya deli hili ni aibu. Si kwamba hayapendezi. Yanapendeza kweli: mapana, meusi, mpira mgumu usiotaka upepo. Aibu iko pale yanaposhikana na deli lenyewe, mahali ambapo mnunuzi haangalii kwa sababu hakuna muuzaji anayeligeuza juu chini kukuonyesha. Mimi nimeligeuza. Nimechungulia humo na tochi ya simu, na nilichokiona kimenikera mpaka leo.

Wanaotaka urefu, upana, rangi na lita watavikuta kwenye karatasi ya mtengenezaji. Mimi naongelea ekseli. Ni bomba la chuma linalopita chini ya deli, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kila upande linapita kwenye tundu lililotobolewa kwenye plastiki ileile ya mwili wa deli. Tundu tupu! Hakuna bushi, yaani kile kipande cha bomba kinachovishwa tunduni ili lisilike, hakuna beringi, hakuna hata kipete cha shaba cha kusingizia. Chuma kinasugua plastiki moja kwa moja, na ukikokota kwenye mchanga au vumbi, chembe zinajipenyeza humo na kufanya kazi ya msasa.

Plastiki yenyewe ni poliethilini. Ipige, iangushe, ikalie, haina neno. Lakini isugue kwa chuma chenye mchanga, na mzigo juu yake, inalika taratibu bila kelele. Tundu langu la kushoto si duara tena, limekuwa yai. Nilipopitisha kidole kilitoka na unga wa kijivu uliochanganyika na kutu, ule unga ukiwa ndio mwili wa deli langu niliolipia. Kwenye ekseli, rangi ya kuzuia kutu imekwanguka yote pale inapokaa, na chuma kimebaki na mfereji mwembamba unaong'aa. Kila nilipolivuta nilikuwa nakereza.

Dalili zilikuja kwanza, lazima niseme. Gurudumu la kushoto lilianza kulala upande kidogo, halafu ukingo wake ukawa unagusa ubavu wa deli na kuacha mstari mweusi, halafu kikaja kilio fulani ambacho kila mtu uliye naye anageuka kukuangalia kana kwamba ni wewe unayelia. Haya yote ndani ya miezi kadhaa tu, wala si matumizi ya kazi nzito. Kisha mchana mmoja wa joto, kwenye mteremko mdogo, kofia ya chuma inayobana mwisho wa ekseli ikachomoka, gurudumu likaondoka zake kivyake na deli likakaa kwa kona, limejaa pomoni. Nimebaki nimeshika mpini.

Mpini hauna tatizo, kwa taarifa yenu. Ni wa alumini, haulegei, haukati mkono. Sasa unavuta nini?

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kampuni siitaji. Akapokea kaka mmoja mwenye sauti ya upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Ndugu mteja, ulikuwa umeweka nini ndani?"

"Barafu na vinywaji."

"Ulijaza?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kaka, ni deli. Linajazwa."

"Basi hapo ndipo tatizo linapoanzia, ndugu. Magurudumu yana kiwango chake cha uzito."

"Kiwango gani? Kimeandikwa wapi?"

Kimya. Nikasikia anabonyeza bonyeza. "Inategemea na matumizi, ndugu."

Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu jibu hili ndilo lililonifanya niandike. Lita moja ya maji ni kilo moja. Barafu ni nyepesi kidogo, lita moja ya pande zima ina kama gramu 917. Kwa hiyo ukiambiwa deli ni la lita 50, tayari umeambiwa na uzito wake: likijaa linakaribia kilo 50, toa kidogo kwa ajili ya upenyo kati ya chupa na mabonge, kisha ongeza deli lenyewe, ambalo kwa kuta nene kama hizi si jepesi hata likiwa tupu. Hili si fumbo. Anayeuza lita ameuza na kilo zake. Huwezi kuniandikia ubavuni, kwa herufi kubwa, kwamba linabeba lita kadhaa, ukaniwekea magurudumu, ukanitoza zaidi kwa ajili ya hayo magurudumu, halafu nikijaza lita zako uniulize, "Ulijaza?"

Tukahamia kwenye waranti. Waranti ni ya miaka mingi, imechapishwa kwenye kifuniko kwa fahari. Yule kaka akanieleza kwamba waranti inalinda mwili dhidi ya kasoro za utengenezaji. Vizuri, nikamwambia, tundu liko kwenye mwili. Ndiyo, akasema, lakini limeharibiwa na ekseli, na ekseli ni sehemu ya magurudumu, na magurudumu yamo kwenye orodha ya vitu vya kuchakaa. Basi nipeni magurudumu. Hayo yanauzwa, ndugu, kwa jozi. Nikinunua nitayafunga wapi, na tundu limeshakuwa yai? Akasema tundu ni suala la mwili. Na mwili? Umeharibiwa na ekseli.

Nikamuuliza kama anasikia anachosema. Akasema simu inarekodiwa.

Haya. Nimevuta pumzi. Niseme na ukweli wa upande wa pili, hata kama unaniuma.

Kama sanduku la kutunza barafu, hili deli ni kiboko. Sijawahi kumiliki linalolikaribia. Mwili wake hautengenezwi kwa vipande vya kuunganishwa. Poda ya plastiki inamwagwa kwenye kalibu, kalibu inazungushwa pande mbili kwa pamoja ndani ya tanuru, poda inayeyuka na kugandamana na kuta zote. Ndiyo maana hakuna mshono hata mmoja wa kupasuka. Ukigonga pembeni unasikia mlio mzito, mfupi, wa kitu kilichojaa. Katikati ya kuta kuna povu la poliyurithani, lile gumu la kwenye majokofu, na kifuniko nacho kimejazwa. Hili la kifuniko ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Madeli mengi ya bei ya chini yana kuta zenye povu na kifuniko chenye hewa tupu, ukiliacha juani unaweza kuhisi jua limepita.

Mpira wa kuziba ukingoni nao ni mnene, umeingia kwenye mfereji wake, haukugundishwa kwa gundi. Nilifanya lile jaribio la kipande cha karatasi: weka karatasi ukingoni, funga kifuniko, vuta. Nimezunguka pande zote nne, na pembe zote, hakuna mahali karatasi iliteleza. Tena ukitia barafu na kufunga kukiwa na joto kali, ukirudi baada ya muda kifuniko kinakataa kufunguka, kwa sababu hewa iliyofungiwa humo imepoa na kushuka mgandamizo, ya nje inakandamiza. Unalegeza kizibo cha kutolea maji, inaingia hewa kwa mluzi mdogo, ndipo kifuniko kinakubali. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha.

Na barafu inakaa. Inakaa hadi unasahau uliitia lini. Hapa sehemu ya sifa ni ya barafu yenyewe, maana kilo moja iliyo kwenye nyuzi 0 inahitaji kilojuli 334 ili igeuke maji ya nyuzi 0 hizohizo, joto ambalo lingetosha kupandisha maji hayo hadi karibu nyuzi 80. Kazi ya deli ni kulifanya joto hilo lisote njiani, na hili linalisotesha kwelikweli. Wala usiwe na haraka ya kumwaga maji yanayojikusanya chini. Ni ya baridi, yamezunguka chupa vizuri kuliko hewa, na ukiyamwaga nafasi yake inachukuliwa na hewa ya moto.

Komeo za mpira ni imara. Bawaba ni fito moja ndefu, haitikisiki. Kizibo kina kamba yake, hakipotei. Sina la kusema zaidi hapo.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Madeli ya daraja hili mengine hupelekwa kwa dubu. Sitanii. Kule Marekani, kwenye mji wa West Yellowstone, jimbo la Montana, kuna kituo cha kutunza dubu ambako vyombo vya kuhifadhia chakula hujaribiwa kwa kuwaachia dubu wenyewe wahangaike navyo, na chombo kinatakiwa kivumilie dakika 60 za kung'atwa, kukwaruzwa na kurukiwa. Kikivumilia kinapewa cheti, ingawa kwa madeli ni sharti yawe yamefungwa kufuli. Najua mtengenezaji wa la kwangu alivyolitangaza kwa mbwembwe za namna hiyo. Nami naamini, mwili huu dubu hauwezi. Shida ni kwamba hakuna dubu aliyepewa kazi ya kulikokota mpaka kwenye gari.

Na hapo hasira inarudi. Kwa sababu ukifungua kifuniko, utaona upande wa magurudumu sakafu imepanda, kuna ngazi. Hiyo ngazi ndiyo nafasi ya magurudumu kwa nje. Maana yake magurudumu haya nimeyalipia mara mbili: kwanza kwa fedha, pili kwa lita nilizonyimwa ndani. Ndugu yake asiye na magurudumu, wa kampuni hiyohiyo, ana sakafu tambarare na bei yake inapumua. Mimi nilichagua hili kwa sababu ya magurudumu. Hakuna sababu nyingine ya kulichagua! Kwa hiyo kuniambia kwamba magurudumu ni "kitu cha kuchakaa" ni sawa na kuniambia kwamba sababu yangu ya kununua ilikuwa ya muda.

Mwisho nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma. Aligeuza deli, akatazama tundu, akaingiza kidole kama nilivyofanya mimi, akatikisa kichwa. "Hapa hawakuweka bushi," akasema. Basi. Hakuniuliza kama nilijaza. Kwanza alipata taabu kuitoa ekseli, kwa sababu kofia ya upande wa pili ni ya kugongelea moja kwa moja, haifunguki, ni ya kukatwa tu. Yaani mtengenezaji alihakikisha mwenye mali hawezi hata kusafisha na kutia grisi. Fundi akaikata. Akatanua matundu yote mawili yakawa duara tena, akachongea bushi za shaba zenye ukingo, akazigandamiza humo, akapitisha ekseli nzima ya chuma kisichoshika kutu, isiyo na uwazi ndani, akamalizia na washa na nati za kujifunga. Sasa linaviringika kimya. Nalijaza hadi juu, makusudi.

Kilichonichoma ni wepesi wa ile kazi. Vipande viwili vya shaba ambavyo ukivifumba mkononi havionekani! Kwenye chombo ambacho mtu aliketi akafikiria unene wa povu, mfereji wa mpira, hadi kamba ya kizibo, hakuna aliyefikiria kitu kinachozunguka? Au alifikiria, mwingine akasema wacha, mwili ndio wanaoutazama dukani?

Kwa hiyo nawashauri msinunue. Yaani, nunueni lile lisilo na magurudumu, mbebe watu wawili. Ingawa ukiwa peke yako hilo nalo ni adhabu. Basi kama una fundi wa kuaminika, nunua hili hili, na upite kwake kabla hujalipeleka nyumbani, ujue bei halisi ni ile ya dukani pamoja na ya fundi. Lakini kwa nini nikushauri umalizie kazi ya mtu aliyelipwa tayari? La, msinunue. Au ukienda dukani, mwombe muuzaji aligeuze, ingiza kidole pale ekseli inapoingia. Ukigusa plastiki tupu, mrudishie deli lake. Akikataa kuligeuza, umeshapata jibu.

Barafu niliyotia juzijuzi bado ina mabonge, nimetoka kuangalia sasa hivi. Linaniudhi sana hili deli.

Wamenitumia ujumbe wakiniomba niwape alama kwa ile simu, kuanzia moja hadi kumi. Nimeandika sifuri. Fomu inaikataa.