Supa au V-Power? Mafuta yanayoifaa pikipiki yako

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, swali hurudi pale stejini: nitie supa, petroli ya kawaida, au niongeze pesa nitie V-Power, petroli ya Shell ya okteni ya juu? Kwa anayebeba abiria Mombasa na Boxer, TVS au Honda ya cc 100 hadi 150, jibu langu ni supa. Pesa inayobaki itumie kununua oili nzuri.

Okteni si nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujilipukia kabla ya wakati wake. Pistoni ikipanda, hubana hewa na mafuta, joto linapanda, na petroli dhaifu huwaka ovyo pembeni badala ya kusubiri moto wa plagi. Hapo ndipo injini hugonga: mlio mkavu, kama njugu zinazotikiswa ndani ya mkebe, hasa ukiwa gia ya juu na mzigo mzito. Mgongano huo ukiendelea hutoboa pistoni.

Injini ndogo zetu nyingi zina kompresheni, yaani kiwango cha kubana hewa na mafuta, ya 9 hadi 10 kwa 1, na watengenezaji wengi huziandikia okteni 91. Supa ya Kenya inatosha. Ukiongeza okteni juu ya ile injini inayohitaji, pikipiki haiongezi mbio, kwa sababu haina kifaa cha kutambua kwamba imepewa mafuta bora. Piga hesabu: ukitumia lita 3 kwa siku, tofauti iwe shilingi 15 kwa lita, kwa siku 26 umeacha shilingi 1,170 pale pampuni.

Kwa hivyo nafasi ya kwanza naipa supa, tena kutoka kituo chenye foleni. Foleni inaudhi, lakini mafuta yanayouzwa haraka hayalali wiki kadhaa kwenye tangi la ardhini yakichanganyika na maji. Lori la mafuta likiwa linamwaga, pita kituo kingine au subiri, maana uchafu wa chini ya tangi huwa umetibuliwa.

Nafasi ya pili ni petroli ya okteni ya juu, na hii ni kwa pikipiki kubwa. BMW R 1250 GS ina kompresheni ya 12.5 kwa 1, na Yamaha R1 ni 13 kwa 1. Mwenye pikipiki kama hizo asibane matumizi hapa hata kidogo. Na sisi wa Pwani tuna jambo ambalo wa Nairobi halimsumbui sana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda inavuta hewa kidogo na mbano unapungua. Mombasa hewa ni nzito, tena ya moto. Pikipiki iliyotulia kabisa Westlands inaweza kuanza kugonga ikipanda Mazeras saa nane mchana na watu wawili nyuma. Ukihamisha pikipiki kubwa kutoka bara kuja huku, sikiliza injini yake wiki ya kwanza.

Ya tatu ni kuchanganya nusu kwa nusu. Okteni ya mchanganyiko huwa karibu na wastani wa hizo mbili, na hii inamfaa mwenye injini kuukuu iliyojaa kaboni ambayo imeanza kugonga. Lakini hayo ni ya kumfikisha kwa fundi tu. Fundi akague taimingi, yaani wakati plagi inapotoa moto, asafishe kichwa cha silinda, kisha mwenye pikipiki arudi kwenye supa.

Nafasi ya nne ni vichupa vya dawa ya kuongeza okteni. Soma lebo kwa makini: ikisema inaongeza pointi 10, mara nyingi hiyo ni okteni moja tu, yaani kutoka 93 hadi 94. Baadhi zina madini ya manganisi yanayoacha vumbi jekundu kwenye plagi. Sinunui.

Ya mwisho kabisa ni petroli ya chupa kando ya njia. Niliishiwa mafuta siku moja nikipita Kinango, nikanunua lita moja. Baada ya mwendo mfupi pikipiki ilianza kumisi, moshi mweupe nyuma, mwishowe ikazima. Nilipofungua plagi ilikuwa nyeusi na imelowa, inanuka mafuta ya taa waziwazi. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, ndiyo maana injini hugonga. Ni kwa sababu ya uchakachuaji huo serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Ukilazimika kununua chupa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka kwa dakika chache bila alama. Ukiona duara la mafuta limebaki, usitie.

Na aliyeagiza pikipiki Marekani akakuta kibandiko cha 87 kwenye tangi asishtuke. Kipimo chao ni tofauti: 87 ya kule ni kama 91 ya hapa, na supa inaitosha.