Unataka kununua kontroli boksi (kompyuta ya injini, ECU) ya gari? Soma hii kabla hujatoa hela

Jamani kabla hujakimbilia Gerezani kwenye maduka ya spea Dar naomba usome mpaka mwisho, maana hii kitu imekula hela za watu wengi na mimi nimo. Toyota IST yangu yenye injini ya 1NZ ilianza kuzima njiani, fundi akachomeka mashine akasema boksi imekufa, nikanunua used tukafunga, gari ikazima vile vile. Fundi mwingine ndo akaja kukuta waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi) kwenye injini umeshika kutu, chini ya kichwa cha bolti pamekuwa kijani kabisa, akapiga msasa akakaza na mpaka leo gari inatembea. Duka likagoma kunirudishia hela.

Kwaio cha kwanza hakikisha imekufa kweli. Fungua swichi bila kupiga stata alafu angalia taa ya cheki enjini. Isipowaka, pima fyuzi iliyoandikwa EFI, rilei na ethi. Kuna na hii mafundi wengi wanairuka, boksi ndo inazilisha sensa volti 5, sasa sensa moja ikipiga shoti inazishusha hizo volti na boksi inaonekana maiti kumbe nzima. Chomoa sensa moja moja swichi ikiwa on, ukichomoa moja taa ikarudi basi mbaya wako ni huyo huyo.

Ukishahakikisha, njia zilizopo mi nazipanga hivi:

1. Kurepea ile ile ya kwako. Hii naiweka juu kabisa kwa sababu kodi za funguo (namba za siri zinazoitambua funguo yako) zinabaki humo humo. Magari ya miaka ya 90, hasa Mitsubishi, kapasita zinavuja maji yanayokula njia za shaba kwenye bodi, ukifunua kifuniko unasikia harufu kama ya samaki. Fundi elektroniki mzuri anabadili kapasita anaunga na njia zilizokatika. Ila mwambie apime na mota ya sailensa (sio ya ekzosi, ni ile inayoshika mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama), hiyo ikiwa na shoti itaunguza transista tena na utarudi pale pale.

2. Used ya Japan yenye namba ile ile. Toyota nyingi namba inaanza na 89661 alafu dashi, na kile kipande cha baada ya dashi lazima kifanane CHOTE. Usikubali ukiambiwa "injini ni moja hiyo inakubali", gari ya oto na ya manyuo zinatofautiana, 4WD (inayovuta matairi yote manne) nayo tofauti. Nenda na boksi yako mkononi (nyingi ziko nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria) na mkubaliane kufunga kwenye gari kabla hujalipa. Gari ikiwa na imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu ya funguo) haitowaka hata namba zikifanana, inabidi fundi ahamishe data kutoka kwenye boksi ya zamani, kwenye gari nyingi kuna chipu ndogo ya miguu 8 ndo inabeba hizo kodi, kwaio boksi mbovu usiiache dukani kabisa!

3. Mpya ya kampuni. Nzuri ila bei inauma na bado inahitaji kuprogramiwa, kwa gari ya zamani sioni sababu, kwa gari mpya mpya yenye mifumo mingi nakushauri uvumilie tu ulipe.

Isiyo na namba au iliyokwanguliwa stika, achana nayo hata wakikupa nusu bei.

Na kuhusu kureprogramu ili gari iwe na nguvu, dizeli yenye tabo utaiona tofauti, ila 1NZ isiyo na tabo ongezeko ni dogo sana, bora hiyo hela ununue plagi za orijino na usafishe nozeli. Ukiamua kufanya, hakikisha chaja imeungwa kwenye betri muda wote, umeme ukishuka katikati ya kuandika boksi inaweza kufa hapo hapo. Na kabla hajagusa kitu chochote fundi asome faili la orijino akusevie kwenye flashi yako, ukae nalo wewe.