Waya wa HDMI kwenda VGA, na mdomo wa mwenye duka

Laptopu niliyonunua pale dukani haina shida, inawaka upesi na chaji inakaa. Tuiache. Hasira yangu iko kwenye waya wa elfu kumi na tano na maneno niliyoambiwa.

Nina banda la mpira hapa Mwanga, Kigoma. Projekta yangu ni ya zamani, ina VGA peke yake, lile tundu la bluu la pini 15. Laptopu ina HDMI tu, lile tundu jembamba la kisasa la kutolea picha. Nikambebea mwenye duka mashine yenyewe aone. Hakunyanyua macho kwenye simu. Akachomoa waya, huku HDMI huku VGA. Nikamuuliza, hauhitaji kidude cha kubadilisha?

"Mama, waya ni waya."

Jioni hiyo Yanga inacheza. Mabenchi yamejaa, kiingilio nimeshakusanya, nachomeka: ukuta wa bluu mtupu, eti hakuna mawimbi. Nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, vile vya kupeleka picha kwenye projekta, mpaka kidole kinauma. Bluu tu. Nikarudisha pesa za watu, na kuna mmoja akadai na nauli ya bodaboda!

Narudi dukani, hadithi imebadilika. Mara RAM ndogo, mara draiva, mara prosesa imechoka. Prosesa ya mashine aliyoniuzia yeye! Nilete elfu thelathini anipigie Windows upya.

Jamani. HDMI inatoa picha kidijitali. VGA ni ya IBM, ya mwaka 1987, nayo inapokea analojia. Mnakumbuka mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar mwishoni mwa 2012, TV za chogo zikawa hazionyeshi kitu bila king'amuzi? Ni yale yale. Lazima pawe na chipu katikati ya kugeuza mawimbi, na waya mtupu hauna chipu. Weka RAM ya gigabaiti 64, piga Windows kila asubuhi, ukuta utabaki bluu.

Nikamwambia hivyo, kwa upole kabisa. Akacheka, wateja wanasikia: "Mwite mume wako nimweleze yeye."

Mume wangu yuko ziwani na dagaa wake. Hata vocha namwekea mimi.

Nilikuwa nimeamua kuandika msikanyage pale. Ila kuna kijana, fundi wake, alinifuata nje na kiboksi kidogo kuliko kiberiti, kina tundu la VGA na pembeni tundu la sauti, maana VGA haipitishi sauti na spika zangu zingebaki bubu. Akanirudisha ndani, akakijaribu kwenye skrini ya dukani kwao, picha ikatokea hapo hapo. Akaniomba radhi kwa niaba ya bosi wake. Tangu siku hiyo mpira unaonekana vizuri, rangi zimepauka kidogo tu. Kwa hiyo sijui niseme nini. Kijana anaijua kazi, na bei ya kiboksi ilikuwa ya haki. Nendeni, lakini mumuulize yeye.

Au msiende. Nilipodai elfu kumi na tano yangu, bosi alininyooshea kidole karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Waya ninao hapa kaunta, anayetaka kufungia mbuzi aje achukue bure.