Kitalu cha miche Kigamboni: mitatu imeshika, mmoja umekufa

Nilienda pale na akili moja tu, jakaranda. Wife aliiona Arusha mwezi wa kumi, barabara nzima zambarau tupu, karudi anataka hiyo hiyo getini. Mzee wa kitalu akacheka. "Bosi nikikuuzia nitakula hela yako bure, ule mti unapenda kaubaridi, huku kwetu joto na unyevu mwaka mzima utapata majani, maua ya kuhesabu." Nikajua huyu sio kama wale wauza miche wa barabarani, wale hata ukiulizia mparachichi wa kupanda baharini watakwambia upo.

Akaanza maswali kama daktari. Bahari iko mbali? Chemba iko wapi? Ukuta na nyumba hatua ngapi? Nikamwambia upepo wa chumvi unafika mpaka kwenye madirisha, grili zote kutu, akasema basi upande huo panda mivinje, ndio inavumilia. Mkungu nilioutaka kwa kivuli hakunikatalia ila akaniambia majani yake makubwa unayapukutisha yote yakishakuwa mekundu, tena mara mbili kwa mwaka, na popo watakuwa wanakuletea kungu barazani kila usiku. Nikaacha. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, nilikataa mwenyewe, nyumba niliyopanga zamani ulikuwepo, mizizi ilinyanyua pevingi yote ya mlangoni mpaka geti likawa halifungi.

Kilichonimaliza ni kwenye ashoki. Nikachagua mrefu kuliko yote, umenipita kichwa. Mzee akachukua wembe akachana kiriba, ule mfuko wa mche, kwa chini, mizizi imejisokota kama tambi, imezunguka weee mpaka imeota juu. Akautupa pembeni, kasema mti wa hivi utakua vizuri tu halafu siku moja upepo unaulaza. Akanipa wa kiunoni, elfu kumi, kiriba kipana. Kwahiyo mkienda kokote msidanganyike na mche mrefu kwenye kiriba kidogo, huo umekaa kitaluni miaka.

Sasa mabaya. Kirikuu ya kuleta miche waliniahidi alhamisi imekuja jumamosi jioni na simu hawapokei. Halafu vijana wanaokuja kupanda (hela yao ni tofauti, ulizeni mapema) sio mzee, wao wanachimba tu. Mwarobaini niliochukua wameuweka kona ya chini kule maji yanakotuama, masika ilipokuja yamesimama karibu wiki mbili, majani yakawa ya njano ukaenda hivyo. Mwarobaini jua lote unaweza ila miguu kwenye maji hapana, na mzee kwa maswali yake yote hilo la maji hakuuliza. Nilivyorudi kulalamika hakubisha, kanipunguzia nusu bei na kunipa mzambarau, kasema huu hata maji yakisimama hausumbuki.

Nyota nne kwa ushauri, mbili kwa usafiri. Mivinje miwili imeshapita ukuta, ashoki uko fresh, na mzambarau umetoa majani mapya. Ila ile kona ndio napaki gari, nyeupe, na ukianza kuzaa mnajua zile zambarau zikidondoka zinavyofanya. Wife anasema si nilitaka rangi hiyo.