Mtafsiri Aliyemnyima Dobi Haki Yake: Uzoefu Wangu na Bad Genius

Nimekaa na hasira hii kwa wiki kadhaa nikidhani itapoa, lakini kila ninapopita mbele ya lile banda la video huku kwetu Mbagala inarudi upya, kwa hiyo naiandika. Nilikwenda siku moja ya mapumziko na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, nikalipa shilingi 500 kwa kila mmoja wetu, tukakaa kwenye benchi la tatu kuangalia Bad Genius, filamu ya Thailand ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Nattawut Poonpiriya. Nakala ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri ambao sauti zao hufunika sauti za waigizaji. Sitamtaja, na banda nalo sitalitaja. Najua pia kwamba nakala yenyewe haikuwa na ruhusa ya wenye filamu, na kwa hilo nina sehemu yangu ya lawama.

Nisieleweke kwamba nadharau filamu za kutafsiriwa. Mimi ni katika waliokua wakimsikiliza Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, na ninajua vizuri kwamba watu wengi wa mitaa yetu wasingeonja filamu ya Kihindi wala ya Kichina kama si hao mabwana wenye koo ngumu. Filamu hii inazungumzwa Kithai kwa zaidi ya saa mbili, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza kinachopita haraka. Bila mtafsiri, wale vijana arobaini au hamsini waliojaa bandani wangebaki wakitazama vinywa vinavyofunguka na kufunga. Kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana alichokifanya kinaniuma. Alikuwa na masikio yao yote mkononi.

Msichana Lynn ni binti wa mwalimu, ana akili za ajabu, anapata ufadhili katika shule ya watoto wa matajiri. Anaanza kumsaidia rafiki yake Grace kwa kumpitishia majibu kwenye kifutio kilichofichwa ndani ya kiatu, kisha Pat, mpenzi wa Grace, mtoto wa nyumba yenye bwawa la kuogelea, anamwekea mezani biashara kamili: wenzake watalipa, yeye atawapa majibu ya maswali ya kuchagua kwa mipigo ya vidole inayofuata vipande vya piano. Yupo pia Bank, mvulana mwenye akili kama za Lynn lakini mwenye maisha magumu zaidi, kwani mama yake anaendesha kiduka cha kufua nguo. Bank haangalizii wala haangaliziwi. Ndiye anayesema ukweli uongozi wa shule unapomhoji, na Lynn anapoteza ufadhili wake.

Mtafsiri alimpa kila mtu jina jipya, kama ilivyo desturi yao. Lynn akawa Profesa. Pat akawa Bosi Mdogo. Bank akawa Dobi, na mama yake akawa Mama Dobi, na kila mama yule alipoonekana na nguo zake mtafsiri aliongeza kicheko. Vijana nao wakacheka. Mpwa wangu alicheka mara ya kwanza, kisha akanitazama usoni akanyamaza, kwa sababu anajua bibi yake aliwalea wanawe watano kwa kufua nguo za watu Upanga, akitoka alfajiri na kurudi vidole vikiwa vimenyauka kwa maji na sabuni. Hakuna mtu katika banda lile, nadhani, ambaye hana mama, shangazi au dada aliyewahi kufua kwa ujira. Tulikuwa tunachekeshwa juu ya watu wetu wenyewe, na tulikuwa tumelipia.

Hilo ningelisamehe, kwani kicheko ni kazi yao. Kuna jambo moja ambalo siwezi kulisamehe.

Katikati ya filamu Bank anapaswa kufanya mtihani wa kugombea ufadhili wa kwenda kusoma Singapore. Siku moja kabla ya mtihani anavamiwa na wahuni, anapigwa, anatupwa jalalani, na anapozinduka nafasi ile imekwisha kupita. Hapo ndipo analainika na kukubali kwenda Sydney pamoja na Lynn kufanya mtihani wa kimataifa, wakariri majibu na kuyatuma kwa simu Bangkok, ambako kwa tofauti ya saa wateja wao watakuwa hawajaingia chumba cha mtihani. Kisha, safari ikiwa imekaribia, linafichuka jambo ambalo ndilo roho ya hadithi nzima: aliyewalipa wahuni wale ni Pat. Bosi Mdogo alihitaji akili ya Dobi, akaona Dobi ana msimamo, akanunua watu wa kuuvunja.

Mtafsiri alifanya nini wakati jambo hilo linafichuliwa? Alikuwa anatoa salamu. Nasema kweli tupu. Waigizaji wanazungumza, Bank anabadilika sura, na juu yao ile sauti inawasalimu wenye maduka ya filamu wa mtaa fulani na mtaa fulani, inataja namba ya simu ya kuagizia kazi zake, inamkumbusha mtu mmoja deni. Alipomaliza, Bank alikuwa tayari anamrushia Pat ngumi, na mtafsiri akatangaza kwa furaha kwamba Dobi amepandisha mori kwa sababu anataka aongezewe hela. Ni kweli kwamba baadaye Bank anadai malipo zaidi. Lakini chanzo cha ngumi zile kilizama chini ya salamu, na vijana arobaini wakatoka na picha ya maskini mwenye tamaa anayempiga tajiri anayemlipa vizuri.

Kuanzia hapo kila kitu kilipinduka. Sydney, Bank anakamatwa na kuubeba mzigo peke yake bila kuwataja wenzake, na bandani mtu akasema kwa sauti kwamba hayo ndiyo malipo ya tamaa. Mwishoni anarudi na mpango mpya wa wizi wa mtihani, anamtishia Lynn kwamba akikataa atamfichua, nao wakazomea. Mimi niliyekwisha kuiangalia filamu hii kwenye simu ya mwenzangu, nikisoma maandishi ya chini polepole na kurudia rudia, nilikuwa nimekaa pale nikitazama mtu akihukumiwa kwa kesi ambayo ushahidi wake umefutwa.

Taa zilipowashwa nikasimama. Sikuhutubia. Niliwaambia wale wa benchi la mbele, kwa sentensi mbili tatu, kwamba kuna maneno yaliyorukwa na kwamba aliyemtupa Dobi jalalani ni rafiki yake tajiri. Mwenye banda, kijana ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha, akaja na tochi yake akaniambia, "Mwalimu, hapa siyo darasani. Umelipa mia tano, umeangalia, sasa tupishe, kuna mpira." Nikamjibu kwamba nilichokilipia hakikuwa kamili. Akasema, "Kama unataka kamili, nenda sinema za mjini ukakae na wenye hela zao." Watu wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa ni mimi.

Nimelitafakari jibu lile kuliko nilivyoitafakari filamu. Maana yake ni kwamba mwenye mia tano hastahili hadithi nzima. Mwenye maelfu atapata ukumbi wenye kiyoyozi na kila neno mahali pake, sisi wa benchi tutapata mabaki pamoja na salamu. Hicho ndicho filamu yenyewe inachokilalamikia tangu dakika zake za mwanzo, pale Lynn anapohesabu mbele ya mkuu wa shule gharama zote ambazo baba yake atalazimika kuzilipa ili yeye akae katika madarasa yale mazuri. Baadaye anagundua kwamba juu ya ada hizo baba yake alilipishwa fedha ya ziada ambayo Wathai nao, kama sisi, huiita hela ya chai. Hapo, na lazima niwe mwadilifu, mtafsiri alifanya kazi nzuri. Alisema "hela ya chai" tu, bila kuongeza neno, na banda zima likaguna kwa pamoja, mguno wa watu wanaojua chai hiyo inanywewa wapi. Shule iliyopokea chai ndiyo iliyomnyang'anya Lynn ufadhili kwa kukosa uaminifu. Vijana walilielewa hilo kwa sekunde moja. Kumbe alikuwa anaweza.

Ninafundisha shule ya kata, na mambo haya si hadithi za Bangkok kwangu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yetu yalifurika, na nilifurahi, lakini mtihani wa taifa haukuulizi ulikaa wangapi kwenye dawati moja, wala kama nyumbani kwenu kulikuwa na taa. Wenye uwezo walinunua masomo ya ziada na walimu wa kuwafuata nyumbani, na hakuna anayeuita huo udanganyifu, nami siuiti hivyo. Ila mwaka 2018, mtihani wa darasa la saba ulipovuja na matokeo ya shule za wilaya ya Chemba, Dodoma, pamoja na shule kadhaa za binafsi za Dar es Salaam na Mwanza yakafutwa, watoto walirudi kukaa na kalamu zao Oktoba 8 kuufanya upya, watoto wa umri wa kuchezea rede, kwa pepa ambalo halikuvujishwa na wao. Nilipoiangalia filamu hii mara ya kwanza niliwaona wale. Adhabu ya mtihani humfikia kwanza aliyeshika kalamu. Aliyeshika fedha hufikiwa baadaye, akifikiwa.

Na hapa ndipo ninapoanza kuyumba, kwa sababu nilikaa kuandika nikiwa nimeazimia kusema kwamba filamu ni nzuri na nakala ni mbovu. Sasa sina uhakika. Ukiitazama kwa makini, filamu yenyewe inamsamehe nani? Lynn anakwenda na baba yake kuungama, na kamera inamkaa usoni kwa heshima kubwa. Ana baba mwalimu, ana mlango wa kurudia. Bank hapewi mlango wowote, anaachwa na macho makavu na kitisho mdomoni, kana kwamba muongozaji naye, baada ya kumpiga na kumtupa jalalani, alihitaji mtu wa kumbebesha uovu uliobaki. Pat na Grace, walioanzisha biashara na kuvuna matunda yake, hatuonyeshwi wakilipa chochote. Labda ndivyo dunia ilivyo na filamu inasema kweli. Labda pia mtafsiri wetu alikitamka kwa kelele kile ambacho muongozaji alikinong'ona, kwamba maskini akiharibika anatisha kuliko tajiri aliyemharibu. Nimejaribu kuutetea mwisho ule kwa mpwa wangu mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa.

Hata hivyo siwezi kusahau ule ukimya wa bandani wakati wa mtihani wa Sydney, Lynn akikariri sehemu ya mwisho peke yake huku mwenzake akiwa amekwisha kunaswa. Hata mtafsiri alinyamaza. Vijana ambao darasani kwangu hawatulii dakika kumi walikaa wakiwa wameshika magoti, wakitazama mtu akijaza vivuli kwenye karatasi ya majibu. Sijawahi kuona hesabu na kumbukumbu zikishangiliwa namna ile mahali popote Mbagala. Kazi inayoweza kufanya hivyo ina nguvu, na ndiyo maana nataka ifike kwao ikiwa nzima.

Basi kwa anayeuliza kama aitafute: itafute, lakini usiitazame katika nakala niliyoiona mimi. Nakala ile naipa nyota moja, na nyota hiyo ni ya hela ya chai peke yake. Filamu nilikuwa nimeiandikia nyota nne, nikafuta nikaweka tatu kwa ajili ya Bank, na nimerudisha nne kwa ajili ya ule ukimya; kesho huenda nikafuta tena. Lile banda silipi nyota yoyote hadi mwenyewe ajifunze kumjibu mtu mzima.

Jioni ile, tulipokuwa tumefika karibu na kituo cha daladala, kijana mmoja wa benchi la mbele alitukimbilia, akaniamkia, akaniuliza kama ni kweli kwamba Bosi Mdogo ndiye aliyewalipa wale wahuni. Nikamwambia ni kweli, nikamsimulia mazungumzo yale yote yaliyofunikwa na salamu. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama chini kwa muda, kisha akasema, "Lakini mwalimu, kama ni hivyo, mbona Dobi alimtishia yule dada badala ya kumfuata Bosi?" Tulisimama pale tukilizungumza hilo hadi daladala mbili zikatupita.